Wagonjwa wa Uani

Mama yangu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Sista. Mwenyewe hakuona sababu ya kuwakataza. Siku alipoaga kazini alitoka na kijiti cha mwaridi mweupe alichokikata mlangoni pa wodi, akakifunga kwa pamba iliyolowa maji, akakipakata njia nzima kama mtu anayerudi nyumbani na kichanga. Akakipanda uani, karibu na mlango wa jikoni. Kikachipua. Baadaye wakaja wenzake, wekundu na wa manjano, wakapangwa kando ya ukuta, kisha bogenvilia kwenye pembe, kisha yasmini chini ya dirisha lake. Ndivyo wodi ilivyohamia kwetu.

Nasema wodi kwa sababu ndivyo alivyoiendesha. Kila mwaridi ulikuwa na kitanda chake. Ule mweupe ulikuwa kitanda cha kwanza, na jina lake la heshima lilikuwa Bibi Mkubwa. Asubuhi mama aliwazungukia wagonjwa wake, akigeuza majani kuangalia upande wa chini, vilevile alivyozoea kuvuta kope la mzazi kuangalia kama ana damu. Akiona doa jeusi kwenye jani, jani lile halikulala pale. Lilikatwa na kutupwa mbali, na mkasi ukafutwa kwa spiriti kabla haujagusa mti mwingine. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mgonjwa alipewa maji. Kikitoka na udongo ulioganda, mgonjwa alingoja, hata alegee namna gani.

"Maji ni dawa," alimfokea yeyote aliyesogelea bomba. "Dawa haigawiwi kwa huruma."

Jambo jingine alilokuja nalo kutoka kazini ni ripoti. Wodini, anayemaliza zamu haondoki mpaka amweleze anayeingia kila kitu: nani kala, nani kakataa dawa, nani kashinda analia. Basi nami nikirudi jioni, kabla sijavua viatu, nilisikia sauti kutoka kitini kwake: "Ripoti." Nilisimama pale mlangoni na mkoba begani, nikamwambia pasi moja imeharibika, msimamizi kaamka vibaya, miguu imevimba. Yeye naye akanipa yake: kitanda cha tatu kimetoa tumba, yasmini ina vidukari. Mwishoni aliuliza, "Hujaficha kitu?" Kwake yeye hakukuwa na kosa baya kuliko hilo. Aliwahi kuona mgonjwa akifa kwa sababu mtu wa zamu iliyopita aliona haya kusema kwamba dawa ameshampa, na mwenzake akaja akampa tena.

Mimi ni kifungua mimba wake, na ndiye niliyebaki naye nyumbani. Napiga pasi kwa dobi mmoja anayefulia nyumba za wageni. Kutwa nimesimama kwenye mvuke nikinyoosha mashuka ya watu waliolala vizuri. Nikirudi napika, nafua, namwandalia mama maji ya kuoga, natafuta miwani yake, naitafuta tena. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ijulikane kwamba ninapotamka neno kuchoka, sitanii.

Mdogo wangu, kitinda mimba, anakaa upande wa pili wa mji, ghorofani, na mkewe. Wifi yangu ni mtu mwema, sina la kumsema. Alikuja kututembelea akakuta birika limeungua jikoni, na mama akamwita kwa jina la shangazi yetu aliyekwishatangulia mbele ya haki. Akaenda akamsimulia mumewe. Tangu hapo kila simu ya mdogo wangu ikawa na wimbo mmoja.

"Dada, mama anazeeka. Hapa kwangu kuna chumba, kuna lifti, kuna mtu wa kushinda naye."

"Umri tu," nikamjibu. "Hata wewe umewahi kufungia funguo ndani ya gari."

"Maua yakoje?"

Hapo alinikata maini. Alijua anachouliza. Mama akiugua, magugu hutambaa mpaka kwenye kizingiti. Akipata nafuu, uani kunasafishika. Mtu wa nje angeweza kujua hali yake kwa kuchungulia tu juu ya ukuta.

"Mazima," nikasema, na hapo nikawa nimeshadanganya.

"Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi nijionee mwenyewe. Nikikuta mama hajiwezi, namchukua, na nyumba tunaifunga. Usinune, dada. Na wewe utapumzika."

Nilimpelekea mama habari hizo nusunusu, ya ghorofani peke yake. Alikuwa anachambua majani makavu ya yasmini, hakuinua hata kichwa.

"Huko kwake kuna udongo?"

"Kuna vyungu vya maua barazani, mama."

"Maua gani?"

"Ya plastiki."

"Ya plastiki hayaugui," akasema. "Niende nikafanye nini?"

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikasimama nimeshika sinki. Maana nitasema wazi: zilikuwepo jioni nilitamani mdogo wangu aje amchukue hata kesho yake, nilale nisiitwe, niamke nisiulizwe ripoti. Na ilikuwa hivi pia: kila nilipomfikiria mama kule juu, ameketi karibu na ua la plastiki, mikono mapajani, nilihisi kama kuna mtu ananikanyaga kifuani. Nilizitaka zote mbili, na zote mbili kwa pamoja haziwezekani. Nikaamua liwalo na liwe, mama hatoki. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyaponya maua kabla ya Jumapili ile.

Kwa sababu maua hayakuwa mazima hata kidogo. Bibi Mkubwa alikuwa amegeuka manjano kuanzia majani ya chini, na ya juu yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Wekundu wa ukutani walikuwa na vijiti vitupu. Yasmini ilitoa matumba, yakaanguka kabla hayajafunguka. Bogenvilia, ambayo siku zote ilijitunza yenyewe bila kumsumbua mtu, ilipukutika majani yote ndani ya juma moja ikabaki miiba.

Kwanza nikawatia hatiani wadudu. Niliyaosha majani kwa maji ya sabuni, upande wa juu na wa chini, jani baada ya jani, baada ya kutwa nzima ya kupiga pasi. Vidukari wachache walikufa. Maua hayakubadilika.

Kisha nikafikiri ni njaa. Nilibeba mfuko wa samadi kutoka kwa jirani yetu wa nyuma, mama mmoja mfuga kuku mwenye ulimi kama wembe, nikaizungushia kwenye mashina. Mama alitoka akaniona.

"Mgonjwa anatapika," akasema, "wewe unamletea sinia la nyama?"

"Sasa ana nini, mama?"

Akamtazama Bibi Mkubwa, midomo ikacheza, kisha macho yake yakahama yakaenda kwenye kamba ya nguo. "Hizo nguo zimekauka," akasema, akaingia ndani. Ni hapo nilipoanza kuogopa. Mama yangu hakuwahi kuulizwa habari ya mgonjwa akajibu habari ya nguo.

Mwisho nikashika la kiu. Mti umelegea, jua kali, basi una kiu. Ikawa kila jioni nikitoka kazini, kabla sijaweka mkoba chini, nawanywesha mpaka maji yanasimama. Asubuhi nawakuta wamelegea zaidi. Jioni nawaongeza.

Njiani kwenda kwa dobi kuna muuza miche, mwanamke mnene asiyecheka, anayekaa kati ya vifuko vya miche kama mwenye kulinda mali ya wizi. Siku moja nilisimama nikamweleza. Alinisikiliza huku anakata nyanya kwa ajili ya chakula chake.

"Unjano unaanzia juu au chini?"

"Chini."

"Jani likianguka, kavu au laini?"

"Laini."

"Udongo je?"

"Naumwagilia kila jioni, tena sana."

"Sijakuuliza unafanya nini. Nimekuuliza udongo ukoje. Umetia kidole?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi, mtoto wa Sista, kuulizwa na mtu wa barabarani kama nimetia kidole.

"Mti wenye kiu unalegea," akaendelea. "Na uliozama unalegea vilevile, maana mizizi ikishaoza hainywi, hata iwe ndani ya maji. Wewe umeangalia juu tu. Kachimbe kidogo uangalie chini. Halafu unuse."

Jioni ile nilipiga magoti uani na sare yangu ya kazi. Kidole kiliingia kama kinaingia kwenye uji, na kilipotoka kilinuka kama sinki lililoziba. Nikaacha kumwagilia palepale. Nikangoja. Siku zikapita, jua linawaka, mimi sijatia hata tone, na udongo uko vilevile, tope.

Basi nikajua kuna bomba limepasuka. Na kwa kuwa bomba letu halikuwa linavuja, nikajua ni la mama mfuga kuku. Nilikwenda mlangoni kwake nikiwa nimeshavimba. Nilimwambia maji yake yanaua maua ya mama yangu. Aliniambia maua ya mama yangu yanauliwa na mkono wangu mbaya, na kama nina hamu ya kupiga kelele, kuku wake hawajambo wanaweza kunisaidia. Tulimaliza kwa kuchungulia pamoja nyuma ya ukuta. Palikuwa pakavu, vumbi tupu. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza, na nilishangaa, kwa sababu si mtu wa kuinamisha macho.

"Mama yako anayapenda maua yake," akasema polepole. "Kutwa namsikia hapo na kopo lake."

Sikutaka kuelewa. Nikamshukuru kwa samadi nikaondoka.

Kisha umeme ukakatika kazini. Pasi zikapoa, msimamizi akatuambia tuondoke. Nilifika nyumbani jua likiwa bado liko juu, nikapitia mlango wa nyuma ili niweke viatu kwenye sakafu ya kufulia. Mama alikuwa uani na kopo la kumwagilia. Alikuwa akiongea nao, kitanda kimoja baada ya kingine, sauti ya chini ya kubembeleza niliyoijua tangu utotoni. Hakutia kidole. Alimimina, akasogea, akamimina. Alipomaliza akalitundika kopo kwenye msumari wake karibu na bomba, akajifuta mikono kwa gauni, akaingia ndani. Nikamsikia akiketi.

Bado nimesimama pale na viatu mkononi, nikamwona anatoka tena. Akasimama kizingitini, akamtazama Bibi Mkubwa, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Leo mmeshinda na kiu. Hakuna aliyewakumbuka."

Akalitungua kopo.

Niliketi kwenye sakafu ya kufulia. Alimaliza, akatundika, akaingia. Akatoka tena. Kila safari alikuwa na huruma mpya, mkono uleule wa taratibu, uso wa mtu aliyejilaumu kwa kuchelewa. Na mimi jioni nilikuwa nakuja kuongeza changu juu ya chake. Nilitaka kulia, nikakosa hata nguvu za kukunja uso.

Nilijaribu niliyoweza. Nililificha kopo nyuma ya mapipa, nikarudi jioni nikakuta sufuria la kupikia limejaa udongo, na mama ana tope mpaka magotini kwa kubeba kitu kizito kuliko yeye. Nikaogopa ataanguka, nikalirudisha kopo kwenye msumari wake. Nilichimba kijimfereji kando ya ukuta ili maji yatoke. Samadi niliiparua nikaitupa. Jioni akiniuliza "Hujaficha kitu?" nilimjibu hapana, nikamtazama usoni. Mdogo wangu alipopiga simu nilimwambia mama hajambo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na bado nilikuwa najitia hamnazo.

Jumapili ikafika. Mdogo wangu aliegesha gari langoni akaingia na katoni ya juisi, ananukia vizuri, shati limenyooshwa na mtu anayejua kazi. Mama alikuwa ameshaoga, nywele kachana, miwani iko puani. Na siku hiyo, kama kwa makusudi ya kuniumbua, alikuwa mkali kama zamani. Alimuuliza habari za mgongo wake. Alimkumbusha sindano aliyoikimbia utotoni. Alimtajia majina ya wakwe zake wote bila kukosea. Mdogo wangu akawa ananitazama kwa pembe ya jicho, kana kwamba wifi yangu alimpelekea uzushi.

Tukatoka uani. Akasimama ghafla.

"Dada! Kumetokea nini hapa?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alishampita. Alimwendea Bibi Mkubwa, akainama, mkono mmoja kiunoni. Aligeuza jani la manjano akalitazama chini, akaliachia. Alikwaruza gome kwa ukucha, pakaonekana kijani chembamba. "Bado yuko hai," akasema, bila kumwambia mtu. Kisha akachomeka kidole. Kiungo cha kwanza, cha pili. Akakitoa, akakinusa, na uso wake wote ukakaza.

"Huyu hana kiu," akasema. "Huyu kazamishwa. Mizizi imeziba pumzi. Amepewa maji, akapewa tena, akapewa tena. Nani anawamwagilia hawa?"

Mdogo wangu akanigeukia. Mama naye akanigeukia. Kuku wa jirani walikuwa wanaparua nyuma ya ukuta, na nakumbuka nilifikiri kwamba mwenyewe lazima yuko pale anasikiliza.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe?"

"Nilidhani wana kiu."

Alinipasha, tena bila kumeza neno. Umri wote huu, nimekufundisha nini? Kidole ulikipeleka wapi? Ungekuwa wodini kwangu ningekuvua kofia siku hiyohiyo. Kisha akaanza kutoa amri, kidole cha tope kikielekeza hewani. Yasmini iachwe, isiguswe, ikauke. Bogenvilia nayo iachwe, ile haitaki kubembelezwa. Wekundu wapogolewe mpaka kwenye kijani. Bibi Mkubwa ang'olewe taratibu na bonge lake la udongo, mizizi myeusi ikatwe, ile myeupe ibaki, apandwe upya kwenye tuta la juu lenye mchanga, na asitiwe tone mpaka kidole kitoke kikavu. Na samadi asiione mpaka atoe majani mapya.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na huyu ndiye niliyeambiwa hajiwezi?" akasema akinipiga bega. "Dada, mama mzima kuliko sisi. Wewe ndiye wa kuchukuliwa." Simu yake ikalia, akaitikia, akatuaga kwa mkono, akaelekea langoni huku anaongea. Alikuwa amefurahi. Ametuliwa mzigo, nao umerudi kichwani kwangu, na mimi ndiye niliyemsaidia kuutua.

Nilishinda. Mama alikuwa anabaki. Nikategemea kuona furaha ndani yangu, nikakuta uchovu tu, mzito wa kukalia. Nikamvuta mama tukaketi wote wawili kwenye sakafu ya kufulia.

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama miguu yetu. Mimi nilikuwa na malapa yangu ya ndani, safi. Yake yalikuwa na tope la jana lililopauka, na juu yake la asubuhi ile, bado bichi, mpaka kwenye mikanda. Kutoka bombani hadi kitanda cha kwanza palikuwa na kijia kilichokanyagwa kikalainika, na nyayo zote zilikuwa za lapa moja. Mama alizifuata kwa macho, kwenda na kurudi, yakaishia kwenye kopo lililo msumarini, linadondosha matone. Alitumia miaka yake yote kusoma mambo ambayo wagonjwa hawakuyasema.

"Haya malapa ni ya nani?"

"Yako, mama."

Nilitamani mdogo wangu arudi, au kuku waruke ukuta, au chochote.

"Ni mimi," akasema.

Nikayatazama malapa yangu safi.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Nawapa, nasahau, nawapa tena."

"Na mimi nilikuwa nawapa jioni, mama. Si wewe peke yako."

Alichukua mkono wangu akaugeuza kiganja juu, akapapasa alama za kuungua na pasi, kisha akanishika kifundo kama anatafuta mapigo. "Umekonda," akasema. "Umekonda kama fagio la choo. Na ukakubali nikutukane mbele ya mdogo wako."

"Nimezoea."

"Nenda kampe ripoti."

"Mama, atakuchukua."

"Mpe ripoti yote. Birika, majina, maua. Zamu hii huiwezi peke yako, utaanguka wewe kabla yangu, halafu tutaangaliwa na nani? Na kwenye kupokezana hakuna kuficha. Nilikwambia yule mgonjwa alikufaje."

"Uliniambia."

"Basi." Akauachia mkono wangu, akajifuta tope kwenye kidole, pole pole, mpaka ukucha ukawa safi. "Yeye mwambie. Mimi usiniambie tena. Nimeshaambiwa mara moja, imetosha. Kesho nikikuuliza nani kawazamisha, sema ni wewe."

Nilikimbia langoni. Mdogo wangu alikuwa ameshawasha gari, mkono uko kwenye gia. Nilipiga kioo kwa kiganja.

"Zima gari. Hujapokea zamu."

Akadhani natania. Aliponitazama vizuri akazima. Nilimweleza yote nimesimama palepale barabarani, birika, sufuria la udongo, safari za kopo, na nilipofika kwenye malapa sauti ikanikatika, nikalia mbele za watu kwa kelele ambazo sikujua ninazo.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Kila siku umeniuliza maua yakoje," nikasema. "Mimi nikoje, hujaniuliza hata mara moja."

Aliuachia usukani. Kisha akatoka, akavua viatu vyake vizuri akaviacha ndani ya gari, akakunja suruali. Tulirudi uani. Tukamng'oa Bibi Mkubwa pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule, na mama juu yetu kwenye kiti akitufokea kwamba tunambeba kama gunia la mkaa. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inateleza. Ile myeupe ilikuwa michache. Mama aliihesabu kwa macho akasema inatosha.

Habari ya ghorofani haikutajwa siku ile. Imetajwa baadaye, na itatajwa tena, sijidanganyi. Lakini sasa mdogo wangu huja Jumamosi na nguo zake za kulalia, analala kwenye kochi ambalo miguu yake haienei, na wifi yangu hushinda na mama siku za katikati ya juma. Mama mfuga kuku huchungulia asubuhi na kupiga soga naye kwa makusudi mpaka asahau bomba. Bado nimechoka. Tofauti ni kwamba Jumamosi nalala.

Kesho yake baada ya Jumapili ile, nilikuwa navaa viatu vya kazini mama akatoka uani. Nilimwona akisimama mbele ya kile kisiki kilichobaki cha Bibi Mkubwa kwenye tuta lake jipya. Akainama. Akatia kidole. Akakinusa.

"Nani mjinga aliyewazamisha wagonjwa wangu?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Wewe hujui kitu," akasema. "Huachiwi hata maji." Akalitungua kopo kwenye msumari, akalikumbatia, akaingia nalo chumbani kwake kulificha nisilione. Nilimsikia akifungua kabati la sare zake nyeupe za zamani, akalifunga.

Jioni niliporudi alikuwa ameshinda akilitafuta kopo, na udongo wa Bibi Mkubwa ulikuwa umeanza kukauka.